Nyati Kwenye Tope Langu

Jumatatu, 12 Agosti

Gari limewaka leo. Majirani wamefunga madirisha kwa sababu ya moshi, lakini limewaka. Nimekaa nyuma ya usukani nikajiona mtu.

Kwa kumbukumbu tu: gari si langu. Ni la baba mkwe. Aliliendesha miaka yote alipokuwa msimamizi wa mifereji, na alipostaafu akalinunua, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Sasa miguu inamsumbua. Gari limekaa uani kwetu chini ya turubai, kuku wanataga kiti cha nyuma.

Shemeji analitaka. Huyu ni mdogo wake mke wangu, wa kiume, mfyatua matofali. Anataka likamsombee mchanga mtoni. Mimi nataka likasombe wageni. Kuna tofauti kati ya mtu mwenye ndoto na mtu mwenye koleo.

Mzee ametoa hukumu mezani, mbele ya wote. Nina Jumamosi moja. Nipeleke wageni, niwarudishe wazima na wamefurahi, gari libaki kwangu. Nikishindwa, Jumatatu linaanza kubeba mchanga. Na ili asiletewe hadithi, atakuja mwenyewe. Atakaa kiti cha mbele.

Shemeji amecheka hadi akapaliwa na chai. Akasema hilo gari likifika mtoni litaomba lizikwe hukohuko. Nikamwambia tutaona. Jibu zuri zaidi nimelipata sasa hivi, ila ameshaondoka.

Wageni ninao tayari. Tangazo langu limebandikwa kwenye duka la dawa: SIKU MOJA TU! WANYAMA, MAPOROMOKO NA NJIA NGUMU. Wamejitokeza wawili. Mkunga mstaafu, aliyewapokea wanangu wote duniani, na mdogo wake, mshona magauni ya harusi. Mshonaji ameuliza kuhusu wanyama, choo, kivuli, nyoka na kiti kisicho na mayai. Mkunga ameuliza jambo moja. Je, maporomoko yana kelele? Nikamwambia yana kelele kama dunia inabomoka. Akasema vizuri.

Jumanne, 13 Agosti

Gereji tangu asubuhi. Fundi ameingia chini ya gari akakaa huko muda mrefu. Nilidhani amelala. Alipotoka akanipa pole, kama mtu anayetoka chumba cha wagonjwa.

Injini itafika. Breki zitafika. Mlango wa nyuma utafungwa kwa kamba. Honi ndiyo haitengenezeki. Inalia nikikata usukani kushoto. Nikikata kulia, kimya. Nikienda moja kwa moja, kimya. Fundi anasema nishukuru Mungu, kuna magari yanayolia yenyewe usiku kucha.

Halafu akanipa hekima, bure. Kabla ya gereji aliwahi kuendesha wageni. Akasema wanyama wanasahaulika. Maporomoko yanasahaulika. Mgeni akirudi nyumbani hasimulii alichokiona, anasimulia alipokwama. Tope hadi magotini, watu wanasukuma, trekta linatokea kama malaika. Hapo ndipo mgeni anapoona amesafiri.

Nimetembea kurudi nyumbani kichwa kinachemka. Lazima tukwame.

Jumatano, 14 Agosti

Janga! Nimekwenda kuikagua njia. Njia ngumu imekuwa laini. Kiangazi kimeifanya kama sakafu ya darasa. Hakuna tope, hakuna hata unyevu. Mama mmoja mwenye baiskeli na mzigo wa kuni amenipita kwenye kilima, akanisalimia kwa huruma.

Bondeni, kabla ya maporomoko, ambapo Mzee husema walikuwa wanalala siku mbili wakilivuta gari, nimepita na vumbi. Wanyama niliowaona: mjusi.

Shemeji alikuwa kwetu niliporudi. Ameniuliza njia ngumu ikoje. Nikasema ngumu sana. Akaniangalia viatu. Safi.

Wakati wa chakula Mzee amesimulia habari za mfereji. Nimeisikia hadithi hii tangu nichumbie, lakini leo nimesikiliza. Kumbe juu ya maporomoko yeye na vijana wake walijenga lango la mbao. Ukiliinua, maji ya mto yanaingia mfereji wa zamani, yanateremka kupitia msituni hadi bondeni, palipokuwa na bustani ya miche. Bustani ilikufa. Lango bado lipo. Bonde lile lile! Barabara ile ile!

Kuna jambo aliongeza kuhusu kiangazi, akanyoosha na kidole. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshaanza kufikiri.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekubaliana na Dereva wa Trekta. Ana trekta la shamba la mkonge upande wa pili wa bonde, na Jumamosi hana kazi. Mpango ni huu. Atajificha nyuma ya miti. Nikikwama nitapiga honi. Atatokea akipiga mluzi, kama mtu anayepita zake, atashangaa, atatuvuta.

Ameuliza kwa nini nisipite pembeni pakavu. Nikamweleza biashara ya utalii. Ameuliza tena kwa nini nisipite pembeni pakavu. Wengine hawakujaliwa.

Sijamweleza habari za honi na kushoto. Mtu asijazwe mambo mengi.

Mke wangu ameniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikasema ni afya. Akasema mara ya mwisho kuniona na afya hiyo tulifuga bata.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimefungua lango! Nilipanda na mtaimbo wa Mzee, nikashindana na ule ubao mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ghafla ukaachia. Mto ukageuka kama mtu aliyeitwa jina. Maji yakaingia mfereji yakaenda zake. Nikateremka mbio kuyafuata, nikaanguka, nikafika bondeni pamoja nayo.

Tope! Sijawahi kuona tope zuri namna hii. Jeusi, zito, limeenea barabara nzima. Nimeingiza mguu likavua kiatu changu. Nimesimama na mguu mmoja nikacheka peke yangu porini.

Nilikuwa nirudi kulifunga jioni. Nimebadili mawazo. Likikauka asubuhi je? Acha maji yaende hadi kesho. Tope halijawahi kumdhuru mtu kwa kuzidi.

Mke wangu ameuliza kuhusu suruali. Nikamwambia nimemsaidia jirani kupanda. Akauliza, Agosti? Nikaenda kuoga.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika nimekaa kwenye beseni la maji ya chumvi, kwa sababu ya siafu. Nitafika huko.

Tumeondoka vizuri. Mzee mbele, fimbo katikati ya magoti, kofia ya kazi kichwani. Sijamwona na kofia ile tangu harusi yetu. Mkunga na Mshonaji nyuma, juu ya mto wa kukalia niliofunikia madoa ya kuku. Kila kona ya kushoto gari lilipiga honi. Mshonaji alidhani nasalimia watu, akawa anapunga mkono. Kwenye kona moja alimpungia mbuzi.

Wanyama wakaanza mapema. Kanga wa porini. Halafu kobe, katikati ya njia, anavuka. Nilitaka kumzunguka. Mkunga akasema tumsubiri. Tukasubiri. Akasema kazini kwake maisha yote watu walimwambia haraka, haraka, leo anataka kumwangalia asiye na haraka. Mzee akaitikia kwa kichwa. Kobe alitumia nafasi yake yote.

Ndipo Mkunga akatueleza kilichomleta. Ukiishi miaka yote wodi ya wazazi, alisema, kila kelele ni yako. Mtu akilia, wewe. Mlango ukigonga, wewe. Hata nyumbani sufuria ikidondoka anasimama.

"Nataka siku moja tu nikae mahali penye kelele kubwa," alisema, "na hiyo kelele isiwe inaniita mimi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maporomoko hayamjui.

Tukafika bondeni. Nikapunguza mwendo, nikaandaa uso wa mshangao niliokuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo. Tope lilikuwepo. Limezidi hata nilivyoliacha. Na ndani yake, palepale katikati, mahali nilipopachagua mimi mwenyewe pa kukwamia, alikuwa amelala nyati.

Dume. Ameshazeeka, yuko peke yake, pembe kama paa la nyumba lililoingia maji. Amezama hadi mabegani, macho nusu, ndege mdogo kwenye sikio lake. Akatutazama kama karani anavyomtazama mtu aliyeingia ofisini saa ya chakula.

Nafasi yangu ya kukwama ilikuwa imekaliwa.

Mshonaji akanong'ona kwamba hajawahi kuona kitu kikubwa hivyo kimestarehe hivyo. Mkunga alikuwa anatabasamu. Mzee akasema kwa sauti ya chini kwamba ajabu, hapa hapajawahi kuwa na maji kiangazi. Nikafuta kioo cha gari.

Mshonaji ndiye aliyemwona mtu juu ya mti. Ng'ambo ya tope, kwenye tawi, Dereva wa Trekta, ameukumbatia mti kama ndugu aliyerudi kutoka mbali. Trekta lake chini. Nikasema haraka kwamba yule ni mtafiti wa ndege, tusimsumbue.

"Bosi!" mtafiti akaita. "Sasa nishuke au nibaki?"

Nikasema watafiti huita kila mtu bosi. Mzee alinigeukia polepole, akanitazama, akageuka mbele tena.

Hapo nikafanya uamuzi. Nitazunguka. Pembeni palikuwa na nyasi, pakavu, pa kuaminika. Dereva wa Trekta alishapaona Alhamisi. Lakini maji ya usiku mzima yalikuwa yamepita chini ya nyasi. Gari likaenda urefu wake mara mbili, likapiga kwikwi, likakaa. Magurudumu yote manne yakazama, taratibu, kama watu wanaoketi.

Tumekwama kweli.

Nilibonyeza honi. Kimya. Nikakumbuka: kushoto. Nikakata usukani, haukatiki, magurudumu yameshikwa. Nyati hatua chache. Hakuna wa kushuka. Jua likaingia ndani ya gari likatafuta kiti. Mshonaji akagawa mayai ya kuchemsha, akayakusanya, akayagawa upya. Mkunga akamwambia avute pumzi kwa pua, atoe kwa mdomo, taratibu, hivyo hivyo. Nikaona na mimi nafuata.

Mzee akasema nirudi nyuma kidogo, mbele kidogo, nisilazimishe. Akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye gia. Miaka yote ya ukwe hajawahi kunishika mkono zaidi ya salamu. Nyuma, mbele. Nyuma, mbele. Gurudumu la mbele likapata kitu, jiwe au mzizi. Usukani ukalegea. Nikaukata kushoto kwa nguvu zangu zote.

Honi ikalia. Ikalia kwa ile miaka yote iliyonyamaza.

Nyati akasimama. Tope likamwagika kutoka mgongoni mwake kama blanketi linaloanguka kitandani. Akatutazama vizuri safari hii, mmoja mmoja. Mshonaji akafumba macho. Mimi pia, lakini moja tu, nilikuwa dereva. Kisha akageuka, akapanda mteremko kuelekea msituni bila haraka, kama mtu anayehamia baa ya pili.

Dereva wa Trekta akashuka. Akatuvuta. Alisahau kupiga mluzi. Tulipotoka Mshonaji alikuwa anacheka na kulia pamoja, anasema wateja wake hawatamwamini. Nikajisikia mfalme. Nyati! Kukwama! Trekta! Nikamwangalia Mzee kwa pembeni. Alikuwa anasafisha kofia.

Tukafika maporomoko.

Niseme tulifika ukuta wa mawe. Juu kabisa palikuwa na uzi wa maji, unadondoka tone, unafikiri, unadondoka tone. Chini, dimbwi lililotulia. Chura mmoja alilia akaona aibu.

Mkunga akashuka, akatembea hadi ukingoni, akasimama. Hakulalamika. Angelalamika ningejua la kufanya, kulalamikiwa nimezoea. Alikunja shali lake tu, akaketi juu ya jiwe akiutazama ule ukuta, mikono mapajani. Mtu aliyezoea kungojea. Mdogo wake akaanza kusema kwamba nyati peke yake ametosha, kwa kweli, dada, nyati ametosha.

Mzee alikuwa ameshuka kwa fimbo yake. Akagusa jiwe la ukutani. Lilikuwa bado na ubichi. Akatazama juu.

"Mkwe," akasema. "Nani amefungua lango langu?"

Nikasema huenda nyani.

"Nyani gani anatembea na mtaimbo?"

Wote waliniangalia. Hata Dereva wa Trekta, aliyetufuata kwa sababu alikuwa hajalipwa, hata yai. Mzee hakupandisha sauti. Akarudia lile jambo la Jumatano, maneno yale yale, na kidole kile kile. Kwamba kiangazi mto hauna maji ya sehemu mbili. Ukiyapa mfereji, umeyanyima maporomoko. Kwa hiyo kiangazi lango haliguswi.

Kumbe ndilo hilo alilosema.

Njia ya kwenda langoni ni ile ile aliyopita nyati. Niliona hivyo. Mzee aliona hivyo. Miguu yake haiwezi, na Dereva wa Trekta alishaanza kuutazama mti wa karibu. Ningeweza kusema tumechelewa. Ningeweza kusema maporomoko huwa yanapumzika Jumamosi, na sentensi hiyo nilikuwa nayo mdomoni, nzima. Halafu Mkunga akainua shali akalitandika upya, kama mtu anayejiandaa kukaa hadi jioni. Nikachukua mpini wa jeki nikaondoka.

Nilipopotea machoni pao nikaanza kunyata.

Nyati alikuwa langoni. Kwa nini asiwepo? Maji yote ya wilaya nilikuwa nimempelekea yeye. Amesimama ndani ya mfereji, anakunywa. Nikalala kwenye kichaka. Kilikuwa kichaka cha siafu. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba mtu anaweza kuvua suruali akiwa amelala kifudifudi, bila sauti, huku anauma mpini wa jeki.

Alipokwisha kunywa akaondoka. Hakuwahi kunitazama. Nikapanda juu ya lango bila suruali nikalirukia. Halikushuka. Nikaruka tena. Nikamtaja shemeji kwa jina, nikaruka. Ubao ukashuka ghafla na mimi nikaenda nao, nikaingia mferejini hadi masikioni, jambo ambalo kwa upande wa siafu lilikuwa rehema.

Mto ukasimama kidogo, kama unakumbuka njia. Ukageuka.

Sikuyaona maporomoko yakianza. Niandike hivyo, kwa kuwa watu wote walioyaona wananieleza tangu mchana. Mimi nilikuwa juu natafuta suruali. Nilisikia tu. Kwanza kama mtu anayemwaga debe la mahindi mbali. Halafu likaja lote. Ardhi ikatetemeka chini ya miguu yangu, na katikati ya mngurumo nikasikia vigelegele vya Mshonaji.

Niliporudi Mkunga alikuwa bado juu ya jiwe. Amelowa kuanzia kichwani. Hakusogea hata inchi. Nikainama nikamwambia shikamoo, sijui kwa nini, nilishamwamkia asubuhi. Akaniambia niketi. Nikaketi. Kelele ilikuwa kubwa mno mtu hasikii hata mawazo yake, na kwa mawazo yangu hilo halikuwa hasara.

Baada ya muda akanisogelea sikioni.

"Nimewaona watoto wengi wakizaliwa," akasema. "Mto, leo ndiyo mara ya kwanza."

Ningeishia hapa, siku ingekuwa njema. Lakini palisikika makelele ya mtu kutoka chini, kwenye kona ya mto. Ya mtu ninayemjua.

Shemeji! Kumbe asubuhi alipita mtoni akaona umekauka, mchanga wote wazi, mweupe, msafi. Akaona ni zawadi kutoka mbinguni. Akakodi lori akaliingiza katikati ya mto, akalijaza. Alikuwa anatandaza koleo la mwisho mto uliporudi. Tulimkuta juu ya paa la lori na viatu mkononi, maji yanamchukulia mchanga taratibu, yanaurudisha ulikotoka.

Mzee akamwuliza anafanya nini juu ya paa. Akasema anaangalia.

Gari letu limemvuta. Trekta lilisaidia kidogo, ukweli usemwe, lakini mnyororo ulianzia kwetu. Nilimwuliza shemeji kama hilo gari limeshaomba kuzikwa. Akasema ndugu yangu, nisaidie kwanza, utanicheka barabarani. Nikamcheka barabarani, kila kona ya kushoto.

Jumapili, 18 Agosti

Hukumu. Wote sebuleni. Mimi nimesimama, kukaa bado hakuwezekani.

Mzee alianza na shemeji. Mtu akikuta mto umekauka ghafla, alisema, anajiuliza maji yamekwenda wapi. Wewe ulijiuliza koleo liko wapi. Shemeji akatazama sakafu.

Halafu mimi. Wageni walirudi wazima, ndiyo. Wamefurahi, ndiyo. Mkunga amempigia simu mwenyewe kumshukuru, na kumwambia kwamba usiku ulioamkia leo jirani alidondosha sufuria na yeye hakuamka.  Kisha Mzee akasema nimeiba mto, nimemnywesha nyati, nimemficha mtu mtini na nimewasingizia nyani. Nikasema majuto ni mjukuu, Baba.

"Wajukuu umeshanipa," akasema. "Majuto bado nayangojea."

Hata shemeji akacheka. Hata mimi.

Gari halikuja kwangu. Halikwenda kwa shemeji. Amempa mke wangu. Mimi nitaendesha, yeye ataamua liende wapi. Mke wangu akasimama, akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akampigia baba yake goti. Halafu akanigeukia akauliza bata wangapi watatosha kwenye kile kiti cha nyuma. Sikulitegemea. Nilicheka hadi siafu wote wakauma upya.

Nilipomsindikiza Mzee mlangoni aliniambia jambo moja, bila kunitazama. Kwamba alikuwa na miaka hajaona kofia yake ikilowa. Akaivaa akaenda.

Jioni nimempelekea shemeji chai, na plasta za malengelenge ya koleo. Tulikaa kwenye rundo la matofali. Akaniuliza nyati alikuwa mkubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema hapana bwana. Nikaongeza.

Jumatatu, 19 Agosti

Mke wangu ametoa masharti. Lango haliguswi. Mtaimbo umerudi kwa Mzee. Fundi amepanda juu leo asubuhi akatia kufuli kubwa, na ufunguo wake uko pamoja na ule wa gari, kwenye kopo, juu ya kabati, nyuma ya picha ya mama mkwe, mahali ambapo anajua siwezi kupeleka mkono. Nimeapa. Nimeapa kwa watoto. Nimekoma, nimejifunza, nimekua.

Mchana wamekuja wakunga. Wodi nzima, na sare zao. Wanataka Jumamosi. Nyati, wamesema, ikiwezekana. Lakini hasa wanataka yale maporomoko yanayoanza mbele ya macho yako. Mwenzao ameyasimulia hadi mtaani. Mke wangu akawaeleza kwa upole kwamba ile ilikuwa bahati, haijirudii. Niliitikia kwa kichwa. Niliona nyuso zao zikishuka.

Nyuso za watu ambao kila kelele ni yao. Inauma, kusema kweli.

Nimetembea kidogo jioni, kunyoosha miguu. Imetokea nikafika mtoni. Kufuli ni zuri, imara, sina neno. Limefungwa kwenye lango. Halijafungwa kwenye mto. Hatua chache juu ya lango mto unabana kati ya majabali mawili, upana wa mlango tu, na mtu akiwa na turubai, turubai kubwa, kwa mfano lile la kufunikia gari, ambalo sasa halina kazi, anaweza kuyashika maji kwa muda mfupi sana, mfupi kabisa, halafu akayaachia kwa ishara ya honi. Njia ya kufika pale ina kona nzuri ya kushoto.

Mke wangu ameniuliza kwa nini natabasamu. Nikasema ni afya.

Nimeshaongea na Dereva wa Trekta. Amekubali, kwa sharti moja. Safari hii anataka kupanda mti mapema.